Kufunga, Kuziba na Kufumba: Uhakiki wa Istilahi za Kupumua Usingizini

Miongoni mwa maombi ambayo wafasiri wa maandishi ya afya huyaleta mbele ya maafisa wa istilahi, yapo machache ambayo kwa sura ya nje huonekana mepesi, kumbe ndani yake mna mtego. Mojawapo ni hili. Yuko mgonjwa ambaye hulala huku mashine ikimpulizia hewa puani. Akiisha kushikwa na usingizi kinywa chake hufunguka, hewa ikatokea hapo, na kazi ya mashine ikapotea bure. Baadhi ya wagonjwa wa namna hiyo huelekezwa kubandika plasta midomoni wanapolala. Je, jambo hilo liitweje kwa Kiswahili? Wafasiri wengi wamekwisha kulijibu swali hili kwa haraka. Wengine wameandika "kufunga mdomo", wengine "kuziba mdomo", na wengine wameliacha neno la Kiingereza lisimame katikati ya sentensi ya Kiswahili kama gogo katikati ya njia. Twakusudia kuonyesha kwamba majibu yote matatu hayafai, kwamba ubaya wake si wa urembo wa lugha tu bali waweza kumfikia mgonjwa kitandani, na kwamba neno lifaalo limo katika Kiswahili cha kila siku wala halikuhitaji kutungwa.

Tumependa kuyapima maneno haya kwa masikio ya watu wa Kibiti na delta ya Rufiji. Huko ndiko tafsiri iliyoandikwa mezani Dar es Salaam hukutana na msemaji wa mwambao, aliyekua na Kiswahili pamoja na Kindengereko, Kimatumbi au Kinyagatwa cha nyumbani kwao, na asiyeona haya kulikataa neno lisilomwingia. Tena ni mahali ambapo mgonjwa aweza kuanzia kwenye zahanati ya kijiji kati ya mikoko, akavuka kwa mashua hadi Nyamisati, akapanda gari hadi Kibiti au Mchukwi, ndipo aelekezwe Muhimbili. Katika kila kituo hana budi kuisimulia habari yake upya. Maneno yakiwa mabovu, habari hufika mwisho wa safari imekwisha kuwa nyingine.

Yatupasa kwanza kuutazama ugonjwa wenyewe, maana jina la tiba hutegemea jina la maradhi. Mtu anapolala misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi ya watu hulegea kupita kiasi: ulimi hurudi nyuma, kuta za koo zikakutana, na hewa ikakosa njia. Kifua huendelea kujitahidi, lakini hakuna kinachoingia. Oksijeni inapopungua katika damu, ubongo humshtua mtu; koo hufunguka kwa mkoromo mkubwa, naye hurudi usingizini bila kujua hata kidogo kwamba alizinduka. Madaktari hulihesabu tukio kama hilo iwapo pumzi imesimama kwa sekunde 10 au zaidi. Matukio ya pumzi kusimama au kupungua yakifika 5 kwa saa, ugonjwa huhesabiwa kuwa upo. Yakifika 30 kwa saa, ni ugonjwa mkali. Asubuhi mtu huamka na kichwa kizito, mchana akasinzia kazini au kwenye usukani, na miaka ikipita shinikizo la damu humwandama. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yaliweka idadi ya watu wazima wenye hali hii duniani, kati ya umri wa miaka 30 na 69, kuwa milioni 936. Kwa hiyo hatuzungumzi juu ya maradhi ya matajiri wachache wa ng'ambo.

Katika tafsiri zinazozunguka, maradhi haya huitwa "apnea ya kulala". Jina hili ni nusu mkate. Sehemu yake ya kwanza haikufanyiwa hata ile kazi ndogo ya kulainishwa kwa matamshi yetu ili isomeke "apnia". Sehemu ya pili ina kosa la maana, kwa kuwa kulala kwetu ni kujinyoosha pia, na mtu aweza kulala kitandani macho makavu hadi alfajiri. Maradhi haya hayamwandami aliyelala, humwandama aliyesinzia. Wengine wameandika "kukosa pumzi usingizini". Hili ni Kiswahili safi, ila si ugonjwa huu. Anayekosa pumzi ni yule aliyepanda mlima kwa mbio, au mwenye pumu, na yeye mwenyewe anajua kwamba pumzi haimtoshi. Mgonjwa wetu hajui. Wengine tena wamechagua "kukatika pumzi", nao wamelisogeza neno karibu mno na kukata roho. Mwanamke wa Salale akifika zahanati na kusema kwamba usiku pumzi ya mumewe ilikatika, mganga atampa pole kabla ya kumpa dawa.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo wafasiri wengi hawakulitia maanani. Mwenye maradhi haya si shahidi wa maradhi yake. Shahidi ni mkewe, mumewe, mtoto anayelala chumba kimoja naye, au jirani. Katika bonde la Rufiji, wakati wa kulinda mpunga dhidi ya nguruwe na ndege, watu huhamia mashambani wakalala katika madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, na huko mkoromo wa mtu si siri ya nyumbani kwake tena. Basi istilahi ya ugonjwa huu ni lazima iweze kutamkwa na shahidi, si na daktari peke yake. Haitoshi kwamba jina limeandikwa vizuri kwenye jalada la hospitali. Yafaa liwe ndilo lile lile, au ndugu wa karibu wa lile, ambalo mtu wa kawaida hulitumia akieleza alichokisikia usiku wa manane.

Kwa kipimo hicho sisi twapendekeza kitenzi "kusita". Pumzi husita, kisha hurudi. Aliyesita njiani hakufa wala hakukata tamaa. Alisimama kidogo, akaendelea. Hakuna kitenzi kingine kinachobeba pamoja kusimama na kuendelea kwa ufupi kama hiki. Kutokana nacho twapata "msito wa pumzi", wingi "misito", kama vile kukoroma kulivyotupa mkoromo na kupiga kukatupa mpigo. Na jina linalohesabika lahitajika hapa, kwa kuwa kipimo chenyewe cha ugonjwa ni hesabu ya misito kwa saa. Ugonjwa basi uitwe "misito ya pumzi usingizini". Ule unaotokana na koo kujifunga uitwe "misito ya koo". Na ule mwingine, wa nadra zaidi, ambapo koo li wazi lakini ubongo haukutoa amri ya kupumua, uitwe "misito ya ubongo". Walimu wa vyuo vya uganga wanaweza kuiweka "apnia" pembeni kwa ajili ya vitabu vyao, wala hatuna ugomvi nao.

Kwa habari ya kukoroma hatuna la kusahihisha. Kiswahili kina koroma, kina forota, na kamusi za zamani zina sona na msono. (Koroma pia ni nazi iliyovuka udafu lakini haijakomaa sawasawa, ila hatujasikia mtu yeyote aliyechanganya mawili hayo.) La kuangaliwa ni neno jingine ambalo baadhi ya wafasiri wenye nia njema wamelipendekeza, nalo ni "jinamizi". Hoja yao ni kwamba watu wamekwisha kulizoea, na kwamba mtu aliyekabwa na jinamizi hueleza hali ya kubanwa kifua na kushindwa kuvuta pumzi. Twaikataa hoja hii. Kwanza, mwenye jinamizi huamka akakumbuka yote, ilhali mwenye misito hakumbuki. Pili, tunayo tayari historia ya neno "degedege". Watu wa Pwani walilitumia tangu zamani kwa mtukutiko wa mtoto mdogo, na wengi waliamini kwamba asili yake ni ndege au pepo anayepita juu yake. Maandishi ya afya yalipolitwaa neno hilo kwa mtukutiko unaoletwa na malaria kali, yalilitwaa pamoja na mizigo yake. Wazazi waliendelea kusema kwamba degedege si ugonjwa wa hospitali, wakaanzia kwa mganga wa jadi, na wengine wakafika hospitali wamechelewa. Neno la watu ni mali nzuri, lakini mfasiri akilichukua hana budi kuuliza kwanza linaishi nyumba gani. Jinamizi linaishi nyumba moja na degedege.

Tuje sasa kwenye mashine. Mwaka 1981 daktari Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walieleza katika jarida la The Lancet jinsi walivyowatibu wagonjwa 5 kwa kuwapulizia hewa puani bila kukoma usiku kucha. Hewa ile haiwapumulii watu, wanapumua wenyewe. Kazi yake ni kulitanua koo kwa ndani, kama upepo unavyoutanua mfuko mtupu, ili kuta zake zisikutane. Ni jambo la kusikitisha basi kuona kwamba katika tafsiri nyingi chombo hiki kimeitwa "mashine ya kupumulia". Jina hilo limekwisha kupewa mashine nyingine, ile inayompumulia mtu asiyeweza kupumua mwenyewe, na tangu UVIKO-19 ya mwaka 2020 kila mwenye redio alijua kwamba anayewekewa mashine hiyo yuko karibu na kaburi. Mgonjwa aambiwe leo kwamba atakwenda nayo nyumbani, ailalie kila usiku kwa maisha yake yote! Hatushangai akiikataa.

Mwenzetu mmoja alipendekeza "mvukuto", kile kifaa cha mhunzi, nasi tulilipenda neno hilo kwa muda. Lakini mvukuto hupuliza na kunyamaza, hupuliza na kunyamaza, ilhali sifa kubwa ya mashine hii ni kwamba hainyamazi. Tumerudi kwenye maneno ya wazi: "kipuliza hewa cha usingizini", na kwa kifupi "kipulizahewa". Kifuniko chake cha pua hakina tatizo, barakoa ipo. Neno hilo, ambalo zamani lilikuwa la kifuniko cha uso cha wanawake wa mwambao na Uarabuni, lilihamia kwenye kifuniko cha hospitali mwaka 2020 na watu wakalipokea bila kusukumwa. Tuseme basi "barakoa ya pua" kwa ile inayofunika pua tu, na "barakoa ya pua na kinywa" kwa ile kubwa. Tofauti ya hizi mbili si ndogo, kama itakavyoonekana hapa chini.

Sasa tumefika kwenye kiini cha uhakiki wetu. Mwenye barakoa ya pua akiachama usingizini, hewa iliyoingia puani hutokea kinywani, msukumo koo­ni hupungua, misito hurudi, na asubuhi ulimi umekauka kama gamba. Kwanza tulitazame jina la kiungo. Wafasiri wametumia "mdomo" mahali pote. Katika mazungumzo hilo halidhuru, lakini katika maelekezo ya tiba yafaa kutofautisha: kinywa ni uwazi wa ndani, penye ulimi na meno, midomo ni ile miwili ya nje. Kwa hiyo mtu hupumulia kinywani, na plasta hukaa midomoni. Kutoka hapo twaingia kwenye kitenzi.

"Kufunga" ndicho kitenzi kilichopendwa zaidi, na ndicho kibaya zaidi. Kwanza, kufunga ni saumu. Twala kifungua kinywa asubuhi kwa sababu kinywa kilikuwa kimefungwa. Basi mgonjwa wa Mbwera akisoma kwamba kila usiku afunge kinywa, hatakuwa amekosea lugha akielewa kwamba amekatazwa kula. La pili ni zito zaidi. Katika mazishi ya Waislamu, ambao ndio wengi katika sehemu hizo, mtu akiisha kufariki hufumbwa macho, na taya lake hufungwa kwa kitambaa kinachopita chini ya kidevu hadi utosini, ili kinywa kisibaki wazi. Kila mtu mzima amekwisha kuiona sura hiyo kwa mzazi wake au kwa jirani. Tulipowauliza watu wachache waliokuwa wakingoja boti ya Mafia pale Nyamisati, wangesemaje juu ya mtu anayefungwa mdomo alalapo, mama mmoja alitaka kujua kwanza kama mtu huyo amekwisha kuoshwa. Waliokaa naye walicheka, lakini jibu lilikuwa limetolewa.

"Kuziba" kuna aibu yake pia, nayo ni ya aina mbili. Ya kwanza ni ya kimantiki. Katika maelezo ya ugonjwa tumekwisha kusema kwamba koo linaziba. Hicho ndicho kitenzi ambacho kila tafsiri hukitumia, na kwa haki. Mfasiri akiandika katika ukurasa wa kwanza kwamba maradhi ni kuziba, na katika ukurasa wa pili kwamba dawa ni kuziba, amemwachia msomaji kazi ya kutenganisha asichokitenganisha yeye mwenyewe. Aina ya pili ni ya historia. Kumziba mtu mdomo, kwa Kiswahili, ni kumnyamazisha, kwa rushwa, kwa vitisho au kwa nguvu. Kibiti ni wilaya ambamo viongozi wa vijiji na askari waliuawa katika mfululizo wa mashambulizi yaliyofikia kilele mwaka 2017. Siku ya tarehe 13 Aprili mwaka huo askari polisi 8 waliuawa kwa pamoja. Tarehe 21 Novemba mwaka huo huo Azory Gwanda, mwandishi wa habari aliyekuwa akiandika juu ya mauaji hayo, alitoweka hapo hapo Kibiti, wala hajaonekana tena. Hatusemi kwamba mfasiri ayabebe yote haya kila anapokaa kuandika. Twasema kwamba katika sehemu hiyo mtu aliyezibwa mdomo kwa plasta gizani si picha ya mgonjwa, na karatasi ya zahanati haina ruhusa ya kumchorea msomaji picha hiyo.

Kinabaki kitenzi ambacho wale watu wa Nyamisati walikitoa bila kufikiri mara mbili. Tulipowaonyesha kwa vitendo mtu anayelala kinywa wazi, walisema ameachama. Tulipowauliza afanye nini, walisema afumbe. Kuachama na kufumba: jozi hii imekuwapo muda wote, na twaona ajabu kwamba wafasiri waliizunguka kama mtu anayetafuta miwani iliyo usoni pake. Uzuri wa kufumba umo katika sarufi yake. Kufunga huhitaji kamba, ufunguo au mkono wa mwingine. Kuziba huhitaji kizibo. Bali kufumba ni tendo ambalo mwenye kiungo hulifanya mwenyewe, kwa macho yake, kwa midomo yake, kwa kiganja chake, na aweza kufumbua wakati wowote apendapo. Ndivyo hasa tiba hii inavyotakiwa iwe. Plasta haimfungi mtu. Inamsaidia tu kubaki amefumba.

Yupo atakayesema kwamba macho ya maiti nayo hufumbwa, kama tulivyokwisha kuandika sisi wenyewe. Ni kweli. Lakini walio hai hufumba macho kila siku na kila usiku, na kwa sababu hiyo neno hilo halikuhamia makaburini, kama kufunga taya kulivyohamia. Yupo pia atakayetukumbusha fumbo na mafumbo. Hilo halituogopeshi, hakuna aliyewahi kuteguliwa kitendawili kwa kuambiwa afumbe midomo. Kinyume chake, kamusi zinatupa "fumba" nyingine, mkeka ulioshonwa kama mfuko ambao mtu huingia ndani yake akalala, mbu wakabaki nje. Neno lililokwisha kuwahifadhi watu usingizini lina haki ya kupewa kazi nyingine ya usingizini.

Kwa hiyo tendo liitwe "kufumba midomo kwa plasta", na kitu chenyewe "plasta ya kufumbia midomo". Twasisitiza neno "plasta", na twaongeza "ya karatasi". Baadhi ya tafsiri zimeandika "tepu", na tepu kwa mtu wa dukani Kibiti ni ile ya kufungia maboksi, au nyeusi ya fundi umeme. Hizo zina gundi ya kuchubua ngozi, tena hazibanduki kwa upesi. Plasta ya karatasi ya hospitali hubanduka kwa kidole kimoja. Kitenzi chake basi kiwe kubandika, ambacho ndani yake mna kubandua, wala si kugandisha. Maelekezo yaweza kuandikwa hivi: "Fumba midomo. Bandika juu yake plasta ya karatasi inayobanduka kwa urahisi. Usibandike kama pua imeziba." Wasomaji wataona kwamba katika sentensi hizi tatu kitenzi "ziba" kimerudi mahali pake, yaani upande wa hatari.

Sentensi ya mwisho hapo juu haikuwekwa kwa mapambo. Siku hizi wako watu wanaowahimiza wenzao, kwa picha na video, wajibandike plasta midomoni bila mashine wala daktari, eti ili wapate usingizi mwema. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2025 katika jarida la PLOS ONE yalikusanya tafiti 10 zenye jumla ya wagonjwa 213, yakaona kwamba faida iliyothibitishwa ni ndogo na yenye mashaka, na kwamba mwenye pua iliyoziba yumo katika hatari ya kukosa hewa kabisa. Ndiyo maana tunayapinga vikali majina kama "tiba ya plasta" na "plasta ya usingizi", ambayo tumeanza kuyaona. Jina la kwanza linadai kwamba plasta inatibu. Haitibu, kinachotibu ni hewa ya kipulizahewa, na plasta ni mtumishi wake. Jina la pili lataka kununuliwa. Istilahi isiyosema uongo ni ile inayotaja kazi halisi ya kitu: kufumbia midomo, basi.

Kuna na jambo la umeme. Barakoa ya pua na kinywa kwa kawaida hutengenezwa na kilango kidogo kinachofunguka mashine ikizimika, ili mtu avute hewa ya nje. Barakoa ya pua haina kilango hicho, kwa kuwa watengenezaji walitegemea kwamba mtu ataachama. Sasa fikirini, ndugu wasomaji, usiku ambao umeme wa gridi umekatika, au betri ya umeme wa jua imekwisha, na mgonjwa amebandikwa midomo. Maelezo ya Kiingereza yameandikwa kwa nchi ambazo jambo hili ni la nadra, na mara nyingi hayalitaji au hulitaja kwa herufi ndogo. Mfasiri mwaminifu ataambiwa kwamba kazi yake ni kufasiri kilichomo. Sisi twaona kwamba kwa msomaji wa delta, mfasiri hana budi kumrudia mwenye maandishi na kumwomba onyo hilo liandikwe kwa herufi kubwa. Na akikataliwa, asitie sahihi yake. Kuchagua kati ya "barakoa ya pua" na "barakoa ya pua na kinywa" kwa uangalifu ni sehemu ya onyo lile lile, na ndiyo sababu tulikataa hapo juu kuziita zote "barakoa" tu.

Baadhi ya wataalamu wa tiba wametuambia kwamba tunajisumbua, kwa vile anayepewa mashine hizi hufundishwa ana kwa ana na muuguzi, wala hasomi karatasi. Hoja hii yasahau kwamba muuguzi naye hufundishwa kwa karatasi. Isitoshe, watumishi wengi wa afya walikutana na kupuliza hewa kwa namna hii kwanza katika wodi za watoto wachanga waliozaliwa kabla ya wakati, na huko maneno ni mengine: mtoto hawezi kuambiwa afumbe, wala hana habari ya kuachama. Muuguzi akiyahamisha maneno ya wodi ile hadi kwa mtu mzima mwenye ndevu, ndipo "mashine ya kupumulia" inapozaliwa tena.

Limebaki neno moja ambalo bado tunalitafuta. Wapo wagonjwa ambao badala ya plasta hupewa ukanda unaopita chini ya kidevu na kuzunguka utosini, ili taya lisishuke. Wasomaji wamekwisha kuona taabu iliyopo. Umbo lenyewe la kifaa ni lile la kitambaa cha maiti, na hapa hakuna kitenzi kitakachotuokoa, maana mgonjwa atajitazama kwenye kioo. "Mkanda wa taya" twaukataa kwa sababu tulizokwisha kuzieleza. "Kibana kidevu" kimependekezwa na mwalimu mmoja, lakini kubana kunaumiza. Kijana mwendesha bodaboda wa Kibiti alitutajia mkanda wa helmeti, ambao naye huufunga chini ya kidevu kila asubuhi akiwa mzima wa afya, na mpaka sasa hilo ndilo lililotukaribia zaidi, ingawa helmeti yenyewe haimo katika kifaa hiki na jina lingehitaji kupunguzwa. Walio na neno bora zaidi, hasa wavuvi na mabaharia wenye kofia za kamba, twawaomba watuletee kabla ya kikao kijacho cha kusanifisha istilahi za tiba.